Siku Niliyoosha Sampu

Nilifanya kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni hapa Tunduma, mwendo mfupi tu kutoka mpakani, na katika mwaka wangu wa tatu pale niliua samaki wa watu. Nasema niliua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kwa muda mrefu jambo hilo lilibebwa na mtu mwingine.

Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja msafirishaji, mtu wa Kigoma, aliyefika huku zamani na lori moja akabaki. Wageni wetu wengi walikuwa madereva waliokwama kwenye foleni ya malori, na wafanyabiashara wa pande zote mbili. Wazambia nilikuwa nikiwapokea kwa "mwaiseni" yangu ya kubahatisha, yaani karibuni kwa Kibemba. Wanacheka, wanachukua ufunguo. Lakini hakuna aliyepita mapokezi bila kusimama kidogo mbele ya tangi la samaki. Lilikuwa la kioo, refu kama kitanda, limekaa juu ya kabati la mbao. Ndani yake waliogelea samaki wa Ziwa Tanganyika: wa njano, wa bluu wenye milia, na wengine wadogo kama kidole ambao nyumba yao ilikuwa magamba matupu ya konokono.

Mzee hakuliweka tangi lile kwa ajili ya wageni. Aliliweka kwa ajili ya mke wake, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Bibi. Bibi alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakabaki machache, akiyatoa moja moja kama mtu anayetafuta kitu gizani. Alizaliwa kando ya ziwa lile, na safari ya kurudi huko ilikuwa imeshamshinda. Basi kila asubuhi aliletwa na kiti chake cha magurudumu mpaka mbele ya kioo, akakaa hapo mpaka adhuhuri. Samaki akitoka mafichoni, Bibi aliinua kidole cha mkono mzima na kusema, "Huyo." Siku akisema "huyo" mara nyingi, Mzee alishinda na furaha.

Aliyemleta Bibi, akamchana nywele, akamfuta mdomo baada ya uji, alikuwa mama mmoja wa usafi. Alikuwa Mnyiha wa Ruanda, kule Mbozi, mtu wa makamo, mwili mwembamba, Kiswahili chake kimelala juu ya lafudhi ya kwao. Sisi sote tulimwita Mama. Na huyo Mama ndiye aliyekuwa mtunzaji wa samaki, kwa sababu fundi aliyekuja kulifunga tangi lile alimfundisha yeye peke yake, wengine tulipokuwa tumekimbilia kula.

Kazi yenyewe haikuwa juu, kwenye kioo. Ilikuwa chini, ndani ya kabati. Ukifungua milango unakuta tangi jingine dogo, lisilo na samaki, limegawanywa vyumba vitatu. Fundi aliliita sampu, nasi tukaliita hivyohivyo. Maji ya juu yanashuka kwa bomba hadi chumba cha kwanza, penye sponji zinazonasa uchafu. Yanapita chumba cha pili, chenye vijiwe na vipete vya plastiki. Yanaingia cha tatu, ambamo pampu inayarudisha juu. Yanazunguka hivyo usiku na mchana.

Mama alipopata taarifa ya msiba wa kaka yake, alinichuchumaza mbele ya kabati lile akanionyesha kila kitu.

"Sponji unaisuuza kila Jumamosi," alisema, "kwenye ndoo ya maji uliyoyachota humuhumu kwa samaki. Usiipeleke bombani. Maji ya bomba yana dawa. Ya kuongezea ni yale ya kwenye pipa kule nyuma, yaliyokaa siku mbili. Na huu mstari mwekundu usiupite, kwa sababu umeme ukikatika maji ya juu yanashuka yote huku, sakafu itafurika."

"Na hivi vijiwe? Mbona vyeusi hivi?"

"Hivyo usiviguse."

"Havioshwi?"

"Mwanangu, humo kuna wadudu wanaokula sumu ya mavi ya samaki. Huwaoni kwa macho. Ukiwaosha hao, maji yatang'aa na samaki watakufa."

Niliandika yote kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Hilo nataka lieleweke. Sikuwa mtu asiyejua. Niliandika kwa mkono wangu.

Jumamosi ya kwanza nilisuuza sponji kama nilivyoambiwa. Jumamosi ya pili wageni walikuwa wengi, nikajiambia nitafanya Jumapili, na Jumapili nikaenda kwenye harusi ya rafiki yangu. Siku za msiba wa Mama zikarefuka, kwa sababu kulikuwa na mambo ya mashamba ya marehemu. Katikati ya yote hayo Bibi alizidiwa, Mzee akampeleka hospitali Mbeya, wakakaa huko. Kiti cha magurudumu hakikuwepo mbele ya kioo, na mimi nikaacha kabisa kufungua kabati. Nilikuwa nikitupa chakula cha samaki kwa juu nikiwa nimeshika simu mkono wa pili.

Wiki ya tatu pampu ilianza kukoroma. Mgeni mmoja aliniuliza kama kuna panya amefia ukutani. Nilipofungua milango ya kabati nilirudi nyuma. Sponji zilikuwa zimeziba, zimevaa ute wa kahawia, na maji yalikuwa yakipita juu yake bila kuchujwa. Nilikuwa bado nimesimama hapo nikiwa nimeziba pua, simu ikaita. Mzee.

"Tumeruhusiwa," alisema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo kwa siku nyingi. "Kesho tunarudi na Bibi. Anauliza samaki wake. Jana amesema sentensi nzima: samaki wangu wamekula? Fikiria!"

"Wamekula, Mzee," nikasema. "Karibuni sana."

Siku ile, kwa bahati, au kwa bahati mbaya, maji ya bomba yalikuwa yanatoka. Wanaoijua Tunduma wanajua kwamba maji yakitoka watu huacha kila kitu. Nilitoa sponji zote. Nikaona haitoshi, nikachota vijiwe vyote na vipete vyote kwenye karai. Nilipita mbele ya karatasi yangu mwenyewe, maandishi yangu mwenyewe, nikijiambia kwamba Mama ni mtu wa kijijini na mambo ya wadudu wasioonekana ni maneno tu. Uani nikavimwagia sabuni ya unga, kisha dawa ya kung'arishia mashuka niliyoichukua kwa mtu wa kufua. Nikasugua mpaka vijiwe vikawa vyeupe. Sikuwa najua kama ni vyeupe hivyo. Nikasuuza mara nyingi, nikafuta kuta za sampu, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikajaza maji ya bomba moja kwa moja hadi mstari mwekundu. Pampu ikaacha kukoroma. Tangi likawaka kama dirisha jipya.

Na nilifurahi. Ni aibu kusema, lakini niliona kwamba Mama alikuwa akifanya kazi ndogo ionekane kubwa.

Kesho yake, Ijumaa, walifika. Mzee alisimama mbele ya kioo akatikisa kichwa.

"Hayajawahi kuwa safi hivi," alisema.

"Tumejitahidi, Mzee."

Bibi aliinua kidole. "Huyo," alisema. "Huyo. Huyo."

Mama alirudi Jumamosi mchana, bado amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Alimsalimia Bibi kwanza, akapiga magoti kabisa, wakashikana mikono. Halafu akainua macho kwenye tangi, na uso wake ukabadilika. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wakihema kama watu waliotoka kukimbia. Mimi nilikuwa nimewaona hivyo tangu asubuhi nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula.

Mama alifungua kabati, akachukua sponji moja, akainusa. Kisha akaiinamia karatasi yangu kwenye mlango, sijui kwa nini, maana alikuwa anayajua yote. Akageuka akanitazama. Nilijifanya naandika kwenye kitabu cha wageni.

Hakuniuliza. Alivua kitenge cha juu akaanza kazi. Alitoa maji ndoo kwa ndoo akamwaga uani, akaingiza ya pipa, akatoa tena, akaingiza tena, mpaka pipa likakauka. Mzee alipita mara mbili akamwona na ndoo mkononi. Jua lilipozama Mama alikuwa amelowa mpaka kifuani, na baadhi ya samaki walikuwa wameanza kulala ubavu.

Jumapili asubuhi walikuwa wamekufa, wote isipokuwa wawili. Wale wadogo wa kwenye magamba hawakuonekana kabisa. Walikuwa wamefia ndani.

Kosa letu la kwanza siku ile ni kwamba hakuna aliyekumbuka kumzuia Bibi. Mhudumu wa jikoni alimsukuma mpaka mbele ya kioo kama kawaida. Bibi aliinua kidole, akakiacha hewani. Kisha akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

Mzee alikuja mbio. Akatazama. Kisha akamgeukia Mama.

"Ulirudi lini?"

"Jana mchana, Mzee."

"Ijumaa hawa walikuwa wazima. Nimewaona kwa macho yangu, maji safi, wanacheza. Jana nimekukuta wewe na ndoo. Ulikuwa unaingiza maji gani humu?"

"Maji ya pipa, Mzee. Yale yaliyokaa."

"Kwa nini? Kulikuwa na haja gani? Yalikuwa safi!"

Mama aligeuza kichwa. Alinitazama. Nakumbuka hasa jinsi alivyonitazama: hapakuwa na ukali. Alikuwa kama mtu aliyekupisha mlangoni, anangoja uingie. Neno lilikuwa langu. Ningesema, "Mzee, ni mimi, niliosha Alhamisi," basi. Sekunde tano. Nilikuwa nimeshika kalamu ya hoteli, na nilitazama kalamu.

"Mimi nakuuliza wewe, unamtazama binti wa watu," Mzee alisema. "Ana nini yeye? Yeye ndiye aliyeliacha safi."

"Mimi sina la kusema, Mzee," Mama alijibu.

"Basi nenda kwenu."

Aliikunja aproni yake vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza yangu ya mapokezi. Alisimama.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini.

"Pole, Mama," nikasema.

Alingoja kidogo zaidi. "Haya," akasema, akatoka.

Yaliyofuata ndiyo yanayonisumbua zaidi kuliko samaki. Mzee alileta samaki wengine kutoka ziwani, na kazi ya sampu akanipa mimi. Niliifanya vizuri. Sijawahi kufanya kazi yoyote vizuri namna ile. Kila Jumamosi nilisuuza sponji moja tu kwenye maji ya samaki, polepole, nikitazama ute ukitoka. Vijiwe vilipata tena weusi wao na niliulinda weusi ule kama yai. Nilijaza mapipa mawili badala ya moja. Mwaka mzima hakufa samaki hata mmoja kwa uzembe, na Mzee alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu binti ana mkono." Kila aliposema hivyo nilitafuta cha kufanya chumba kingine.

Bibi hakunyosha kidole tena kama zamani. Siku moja nilikuwa nimejikunja kichwa ndani ya kabati, nikasikia akisema nyuma yangu, "Mama?"

Nilitoka nikakaa sakafuni. "Bibi?"

"Mama. Wapi?"

"Amerudi kwao, Bibi."

Alifikiri kwa muda mrefu. "Aliua," alisema.

Nilimfunika miguu vizuri kwa shuka. Hicho tu ndicho nilichofanya.

Bibi alifariki mwishoni mwa mvua. Watu walijaa uwanjani, majirani, madereva, jamaa kutoka Kigoma. Na katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka nilimwona Mama, amejifunika kanga kichwani, amekuja kwa gari la asubuhi kutoka Ruanda. Nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Nilipofika upande ule nilimsikia mtu wetu wa kufua akimwambia jirani yake, wala hakupunguza sauti, "Si ndiye huyu aliyemwulia marehemu samaki wake? Hata haya hana." Wanawake wawili waligeuka kumtazama Mama. Yeye aliendelea kutazama mbele. Alipokea kikombe kutoka mkononi mwangu, akasema asante.

Nilikaa na hilo siku nne. Ya tano nikaomba ruhusa, nikapanda gari kwenda Ruanda.

Nilimkuta shambani kwake akichuma kahawa, kikapu kimefungwa kiunoni. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza habari za msiba, akaendelea kuchuma. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikaanza kuchuma naye. Nilikuwa nachuma hata mbichi. Alizitoa kikapuni moja moja bila kusema.

"Mama, ni mimi niliyeosha ile sampu."

"Najua."

"Niliosha kwa dawa ya mashuka."

"Najua, mwanangu. Nilinusa."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo aliacha kuchuma. "Ningesema nini? Mzee alikuwa ameshaamua. Wewe ulikuwepo wakati ule, mimi nilikuwa msibani, sina shahidi. Nikisema ni wewe, ukasema si wewe, nitabaki nani? Mwuaji na mwongo. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nimeenda Mlowo kuomba kazi, nimeenda Vwawa. Nyumba za wageni hizi watu wake wanajuana. Wanasema, wewe si yule wa samaki? Mwaka mzima." Aliinama tena kwenye tawi. "Unakuja kuniambia mimi. Mimi ndiye mtu pekee aliyekuwa anajua."

Tulichuma mpaka kikapu kikajaa. Aliniandalia mahindi ya kuchemsha, nikala nje, kwenye kigoda, na nikarudi Tunduma nikiwa najua ninachotakiwa kufanya.

Mzee alinisikiliza akiwa ameketi mahali palepale alipokuwa akikaa karibu na kiti cha Bibi. Nilimweleza kila kitu, hata harusi ya rafiki yangu, hata dawa ya mashuka.

"Amekufa anamchukia," alisema mwishowe. "Yule mama alimlisha mke wangu kwa mkono wake. Na mke wangu amekufa anamchukia, kwa maneno yangu."

"Kwa maneno yangu, Mzee. Yaani, kwa kunyamaza kwangu."

"Usinigawie," alisema. "Langu nalijua."

Tulienda Ruanda pamoja. Mzee alimwomba Mama radhi akiwa amesimama, kofia mkononi, akamwomba arudi kazini. Mama alimkaribisha kiti, akampa chai, akakataa kurudi. Alisema mashamba ya marehemu kaka yake sasa yanamtegemea yeye. Lakini alikuwa na ombi moja.

"Walionitukana msibani wasikie," alisema. "Wasikie kutoka kwake huyu. Si kutoka kwako, Mzee."

Kwa hiyo asubuhi moja wafanyakazi wote waliitwa mapokezi, mpishi, mlinzi, mhudumu wa jikoni, mtu wa kufua. Mama alikuja, akakaa kwenye kochi la wageni, mkoba wake mapajani. Nilisimama mbele ya tangi nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno lakini yalitoka mafupi: kwamba niliachiwa kazi, nikaiacha, nikaiharibu, na kwamba alichokuwa akifanya Mama na ndoo zile ni kujaribu kuwaokoa samaki niliowaua mimi. Mtu wa kufua aliinamisha kichwa. Mlinzi alikohoa. Kisha mpishi akauliza kama anaweza kurudi jikoni, maana alikuwa ameacha maharage motoni. Kila mtu akaenda zake. Mama alisimama, akatazama samaki kwa kitambo, akafungua kabati akachungulia.

"Vijiwe viko sawa," alisema.

Mzee hakunifukuza. Niliondoka mwenyewe baada ya kumfundisha mwingine kazi ya sampu, kwa mdomo na kwa vitendo, si kwa karatasi. Sasa nauza kwenye duka la dawa Vwawa. Siku za soko nakutana na Mama, analeta ndizi na maharage. Tunasalimiana, ananiuliza watoto, namwuliza kahawa. Mara nyingine nambebea mzigo mpaka kituoni na mara nyingine anakataa, anasema si mzito. Nyumbani kwake hajanikaribisha tena, nami sijathubutu kwenda bila kualikwa.